Sura ya Nne: Kati ya Wangapi?

Katika maghala ya nafaka kuna chombo kidogo kiitwacho bambo. Ni chuma chembamba chenye ncha na uwazi ndani yake. Mnunuzi hulichoma gunia la mahindi ubavuni, punje kadhaa zikateremka hadi kiganjani, akazitazama rangi, akazinusa, akaitafuna moja kusikia kama imekauka. Kisha anataja bei. Hakulimwaga gunia lote sakafuni, wala hakuchota punje za juu, zile ambazo muuzaji anataka zionekane. Mnunuzi huyu anajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba punje chache zinaweza kulisemea gunia zima, na kwamba si kila punje chache zina haki hiyo. Za juu zimechaguliwa na mwenye gunia; za ubavuni na za chini hazikuchaguliwa na mtu. Tendo hilo la nusu dakika limebeba kiini cha somo la utangulizi wa takwimu, somo ambalo wanafunzi wengi wa vyuo vyetu huliingia kwa hofu, hulifaulu kwa kukariri, na huliacha mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Hoja ya sura hii ni moja. Takwimu ya mwaka wa kwanza chuoni, kwa mwanafunzi wa uuguzi, ualimu, sheria, biashara au kilimo, ni mazoea ya kuuliza swali moja bila kuchoka: kati ya wangapi, na hao walipatikanaje? Fomula zote zilizomo katika kozi hiyo, kuanzia wastani hadi upimaji wa nadharia tete, zilibuniwa ili kulijibu swali hilo kwa usahihi zaidi. Zinapofundishwa kabla ya swali lenyewe kuuma, hubaki kama funguo zisizo na mlango. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kiliona tatizo hilo, na mwaka 2005 kikaidhinisha mwongozo wa kufundisha kozi ya kwanza ya takwimu vyuoni, kisha ukahuishwa mwaka 2016. Mwongozo huo unawataka walimu wajenge fikra za kitakwimu, watumie data halisi, na wasisitize maana kuliko hatua za kukokotoa. Ushauri huo ulitolewa mbali na hapa, lakini hoja zake zinapimika kwa mambo ambayo kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza hukutana nayo kila wiki.

Tuanze na mkeka wa kubeti mpira, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi hukutana na uwezekano bila mwalimu. Kijana anachagua mechi kumi, kila moja akiipa ushindi timu kubwa yenye odi ya 1.5. Odi hizo zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe zinafika 57 na zaidi, hivyo kwa shilingi 1,000 anaahidiwa zaidi ya shilingi 57,000. Akizitazama timu moja moja, haoni ya kufungwa. Sasa tuseme kila timu ina nafasi 62 kati ya 100 za kushinda. Odi ya 1.5 ingekuwa ya haki kama nafasi zingekuwa karibu 67. Pengo hilo ndilo riziki ya kampuni. Akibeti mechi moja moja kwa muda mrefu, kila shilingi 1,000 itamrudishia kama 930. Lakini ili mkeka wa mechi kumi utiki, 0.62 lazima izidishwe kwa yenyewe mara kumi, na jibu ni 0.0084, yaani mkeka mmoja hivi kati ya 119. Ukizidisha nafasi hiyo kwa malipo yaliyoahidiwa, kila shilingi 1,000 inarudisha kama 484. Makato yaliyokuwa shilingi 70 katika mechi moja yamekula zaidi ya nusu ya fedha, na aliyeyarundika ni mchezaji mwenyewe kwa kuunganisha mechi.

Hesabu hiyo ina funzo la pili, na ndilo linalouma zaidi. Mkeka unapochanika kwa timu moja tu, mchezaji hujiona amekaribia. Tisa kati ya kumi, wiki ijayo zitakuwa kumi. Kwa nafasi zile zile, kupata tisa hutokea kama mara tano kati ya mikeka 100, na kupata zote kumi hata mara moja haifiki. Mkeka unaochanwa na timu moja hutokea mara sita ya mkeka unaoshinda. Kule kukaribia, basi, ni sura ya kawaida ya kushindwa, na mwenye kukusoma kama dalili ya ushindi atalipia usomaji huo kila wikiendi. Redio ikimtangaza mshindi kwa jina na mtaa, swali letu linabaki pale pale: kati ya wangapi? Mshindi mmoja ana sauti na picha. Wale 118 hawahojiwi na mtu. Mwanafunzi aliyekokotoa hayo mwenyewe kwa kalamu hahitaji mahubiri juu ya kamari. Ameona fedha inakoelekea.

Swali hilo hilo likiingia zahanati, uzito wake hubadilika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikadiria kwamba asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi nchini Tanzania wanaishi na virusi vya UKIMWI. Tuwatazame watu wazima 1,000 wanaolingana na hali hiyo ya nchi: 44 wana virusi, 956 hawana. Shirika la Afya Duniani linataka kipimo cha haraka kiwagundue angalau 99 kati ya 100 wenye virusi, na kiwaachie huru angalau 98 kati ya 100 wasio navyo. Tukichukua kiwango hicho cha chini kabisa, karibu wote 44 watagunduliwa, lakini kati ya wale 956 wazima, 19 pia wataonyeshwa kuwa na virusi. Jumla ni watu 63 wenye mistari miwili, na 19 kati yao, karibu mmoja kati ya watatu, hawana virusi. Kipimo ni kizuri na mhudumu hakuzembea. Ni kwamba wazima ni wengi sana kuliko wagonjwa, hivyo hata kosa dogo likiangukia upande wao huzaa watu wengi. Ndiyo sababu hakuna anayeambiwa ana virusi kwa kipimo kimoja. Mwaka 2019 shirika hilo lilishauri nchi zihitaji vipimo vitatu mfululizo vyenye jibu hilo kabla ya kuthibitisha, kwa kuwa maambukizi yanazidi kupungua. Mahali ambapo wenye virusi ni 10 tu kati ya 1,000, kipimo kile kile cha kwanza kingewatia hofu wazima 20 kwa kila wagonjwa 10. Kadiri nchi inavyofanikiwa kupambana na ugonjwa, ndivyo jibu la kipimo kimoja linavyopungua uzito. Bila takwimu, sentensi hiyo inasikika kama mchezo wa maneno. Ukiihesabu, inakuwa sera ya afya.

Mfano huo unaonyesha pia namna ya kufundisha. Mwaka 1995 wanasaikolojia Gerd Gigerenzer na Ulrich Hoffrage walionyesha kwamba watu hupata jibu sahihi la maswali ya aina hii mara nyingi zaidi wanapopewa hesabu ya watu, yaani wangapi kati ya 1,000, kuliko wanapopewa asilimia na uwezekano wa desimali. Maswali ni yale yale na jibu ni lile lile. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Mwalimu anayeandika kanuni ya Bayes, fomula ya maswali ya aina hii, ubaoni kwa herufi na mabano, kisha akawaona wanafunzi wamenyamaza, asikimbilie kusema hawana kichwa cha hesabu. Awaandikie watu 1,000, awagawe katika mafungu, awaombe wahesabu. Kanuni itakuja baadaye, na itakapokuja watakuwa wameshaijua. Watakuwa wanajifunza tu kuiandika kwa ufupi.

Sasa turudi kwenye bambo, kwa maana hapo ndipo watu wengi huishuku takwimu. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni barani Afrika, kwa kawaida huhoji watu 1,200 au 2,400 katika nchi. Msikilizaji wa taarifa ya habari anauliza, na ana haki ya kuuliza: watu 2,400 wananisemeaje mimi, na sijaulizwa, wala jirani yangu? Jibu ni kwamba uzuri wa sampuli hautegemei ukubwa wa gunia. Unategemea idadi ya punje zilizotoka na kama kila punje ilikuwa na nafasi ya kutoka. Watu 2,400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa jibu ambalo kwa kawaida haliachani na ukweli kwa zaidi ya pointi mbili hivi za asilimia juu au chini, iwe nchi ina watu milioni 6 au milioni 60. Na hapa fomula inalipa deni lake, kwa kuwa inaonyesha kwamba kosa hupungua polepole: watu 1,200 hutoa kosa la kama pointi tatu, 2,400 pointi mbili, na ili ufikie pointi moja lazima uhoji karibu 9,600. Kuipunguza hitilafu kwa nusu kunadai watu mara nne, pamoja na posho za wahojaji, mafuta ya magari na siku za kazi.

Upande wa pili wa hoja hiyo ulilipiwa gharama Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alipata karibu asilimia 61 ya kura na kuchukua majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo mara nyingi kuliko ile, alimtaja mshindi sahihi. Majina ya jarida yalitoka kwa sehemu kubwa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa mdororo wa uchumi ambapo maskini wengi hawakuwa na kimojawapo; tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walionyamaza. Jarida lilichota debe zima la punje, ila lilizichota juu ya gunia. Hali ni hiyo hiyo leo tunaposoma maoni 5,000 chini ya habari mtandaoni na kusema wananchi wamekasirika. Wangapi walisoma wakapita zao kimya? Na wasio na simu ya intaneti wamehesabiwa wapi?

Lugha yetu yenyewe inatudai uangalifu katika jambo jingine. Neno wastani kwa Kiswahili lina maana mbili zinazoishi nyumba moja: lile jibu la kujumlisha na kugawanya, na ile hali ya kuwa katikati, isiyozidi wala kupungua, kama tunaposema mtu wa kimo cha wastani. Mwanafunzi akisikia kwamba mshahara wa wastani wa ofisi ni shilingi 1,000,000, moyo wake humwonyesha mfanyakazi wa katikati. Tuseme ofisi ina watu kumi. Tisa wanapokea 400,000 kila mmoja na mkuu wao anapokea 6,400,000. Jumla ni 10,000,000, wastani ni 1,000,000, na hakuna hata mmoja ofisini anayeikaribia. Ukiwapanga mstari na kumtazama aliye katikati, anapokea 400,000. Namba zote mbili ni za kweli, ila moja inajibu swali la mhasibu na nyingine swali la anayetafuta kazi. Vivyo hivyo, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitangaza mvua za masika za wastani hadi juu ya wastani, inazungumzia jumla ya msimu ikilinganishwa na rekodi za miaka mingi. Mkulima anayeisikia kama ahadi kwamba shambani kwake mvua itanyesha kwa mpangilio hajadanganywa na mamlaka. Amedanganywa na maana ya pili ya neno. Kozi ya takwimu inayofundishwa kwa Kiingereza tu haitaugusa mtego huo jinsi ulivyo katika Kiswahili.

Wako watakaosema kwamba kuliweka swali mbele ya fomula ni kulilegeza somo, na kwamba chuo kitatoa wahitimu wanaojadili data bila kuweza kuzikokotoa. Hofu hiyo ina msingi, na mifano iliyotangulia inaijibu kwa vitendo: mkeka haukufichuliwa ila kwa kuzidisha, na bei ya kuongeza usahihi haikujulikana ila kwa kipeuo cha pili. Hesabu haiepukiki. Ninachokipinga ni mpangilio unaomfanya mwanafunzi akokotoe mkengeuko sanifu wa namba kumi zisizo na mwenyewe, ambazo hazikutoka shambani, hospitalini wala sokoni, kisha apewe alama kwa kufikisha desimali mbili. Kwa upande mwingine wako wanaosema kwamba hesabu zenyewe hazina haja tena, kompyuta inazo. Kweli inazo, lakini haina swali. Mwanafunzi akiingiza dodoso lake kwenye SPSS na kuandika 1 kwa mwanamume na 2 kwa mwanamke, kisha akaomba wastani wa jinsia, programu itamjibu 1.4 bila kusita. Itamwekea namba hiyo ndani ya jedwali zuri, na jedwali litaingia kwenye tasnifu. Mashine haitamwambia kwamba namba hiyo haimaanishi mtu yeyote duniani. Kadiri chombo kinavyokuwa chepesi kujibu, ndivyo mtumiaji anavyotakiwa kuwa mzito wa kuuliza.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema takwimu ni uongo uliovaa suti: mwenye madaraka huchagua namba zinazomfaa, hivyo raia asiyejua takwimu yuko salama zaidi kwa kutoziamini zote. Ni kweli kwamba namba sahihi zinaweza kusimulia jambo lisilo kweli. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliwapokea katika masomo ya uzamili karibu asilimia 44 ya wanaume walioomba na asilimia 35 tu ya wanawake. Ilionekana ubaguzi wa wazi. Watafiti walipozitazama idara moja moja, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 1975, hawakuikuta picha hiyo. Mwelekeo mdogo uliokuwapo uliwapendelea wanawake. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara zinazowakataa waombaji wengi wa jinsia zote. Lakini tazama ni nini kilichoirekebisha namba ya kwanza: namba zaidi, zilizoulizwa vizuri zaidi, kati ya wangapi na katika idara ipi. Uchambuzi huo haukufunga suala la haki. Ulilihamisha mahali pake, kwenye swali la kwa nini wanawake walielekea idara hizo tangu mwanzo. Asiyeziamini namba zote asingefika hapo. Angebaki na hasira yake au utetezi wake, na asingejua kama vimeangukia pahali penye kosa. Kutoamini chochote ni wepesi ule ule wa kuamini kila kitu, maana vyote viwili vinampunguzia mtu kazi ya kuchunguza.

Linabaki pingamizi la hekima: wazee wetu waliishi, wakalima na kuvua bila takwimu za chuo. Waliishi kwa uzoefu, na uzoefu ni sampuli, nyingine nzuri sana. Anayesema dalili ya mvua ni mawingu amekwisha kutofautisha kati ya ishara na tukio, jambo linalowatatiza wanafunzi wengi wa uwezekano. Lakini hekima hiyo hiyo inatuambia samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki waliotungwa pamoja na kukaa juani ni kweli, kwa sababu wanashiriki hewa, joto na uozo. Watu wa kabila moja, dini moja au mtaa mmoja hawakutungwa kwenye uzi mmoja, na anayewahukumu wote kwa mwizi mmoja aliyemwona ameihamishia methali mahali isipopaswa. Kumbukumbu ya mtu huhifadhi lililomshtua na kuyaacha yaliyopita kimya. Ajali moja hukaa nayo miaka, na safari elfu zilizofika salama hazikumbuki. Takwimu haiji kuufuta uzoefu, inakuja kuurudishia yale ambayo kumbukumbu iliyatupa.

Kwa hiyo mtihani wa kozi hii unapaswa kuwa na swali moja ambalo kwa kawaida halimo. Mwanafunzi apewe kipimo cha maabara, kura ya maoni, bei ya wastani au mkeka, kisha aeleze matokeo yake kwa Kiswahili, kwa mama anayeuza mboga sokoni na ambaye hajakanyaga chuo, bila kutumia fomula na bila kupotosha ukweli. Itambidi achague kati ya wastani na aliye katikati. Itambidi aseme wangapi walihojiwa, wangapi walikataa, na ni nani ambao hawakufikiwa kabisa. Akishindwa, alama zake za kukokotoa zitakuwa zimeficha kwamba hakuelewa. Akiweza, mama yule atamsikiliza, kisha atamuuliza: na hao wengine, mliwauliza? Hapo mwanafunzi atajua kwamba swali limehama kutoka darasani, na kwamba sasa linamtaka yeye jibu.